KISANDUKU CHA VOLTI: NANI HASA ANAYEKIZIMA?



Katika kuzunguka kwetu kwenye karakana za Ukunda, Msambweni, Shimoni na hapa Kibuyuni, tumekuta jambo moja linalorudiwa kila mahali, nalo halitupendezi hata kidogo. Mashine ya kuchomelea chuma ina kisanduku chake cha kupunguza volti. Kisanduku kipo, kimefungwa ubavuni mwa mashine kwa skrubu, na taa yake ndogo ipo. Lakini nyaya zake zimeng'olewa na kuunganishwa moja kwa moja, ama kisanduku chenyewe kimetupwa chini ya benchi pamoja na makopo ya rangi. Kwenye mashine ndogo za siku hizi, ambazo nyingi hutoka kiwandani na kifaa hiki ndani yake, swichi imegeuzwa upande wa kuzima na kubandikwa tepu nyeusi isirudi.

Ukimwuliza fundi, atakujibu, "Tajiri hakitaki." Ukimwuliza tajiri, atakujibu, "Mafundi wenyewe hawakitaki." Twasema kila mmoja wao ameeleza nusu ya habari akaficha nusu, na leo twataka habari nzima isomwe.

Wako wanachama ambao hawajaelezwa hata siku moja kisanduku hiki ni cha nini. Wamepewa mashine, wakapewa rodi, wakaambiwa, "Haya, choma." Basi tuanze na hao.

Mashine ya kuchomelea ya transfoma, ile nzito ya zamani, hupokea umeme wa nyumbani wa volti 240 na kutoa volti 80 hivi kwenye koleo la kushikia rodi, ambalo wengi wetu huliita holda. Rodi ikishaanza kuwaka, volti hizo hushuka zenyewe hadi 20 au 30, na kazi huendelea. Rodi ikikatika au ukiiondoa kwenye chuma, volti hupanda tena mpaka 80. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mtu huogopa ule moto mweupe na cheche, akajificha nyuma ya ngao yake, kisha moto ukizimika hujiona yuko salama. Avua glovu moja, apangusa jasho, ashika rodi mpya kwa mkono mtupu ili aipachike. Ndiyo saa yenyewe ya hatari. Mashine inakuwa kali zaidi inapokuwa kimya.

Wako watakaosema kwamba volti 80 ni kidogo, na kwamba wao wameguswa mara nyingi wakacheka. Hatubishani nao kwamba wameguswa. Lakini ngozi kavu ya mtu huzuia umeme kwa nguvu nyingi, omu elfu kumi au hata zaidi sana. Ngozi hiyo hiyo ikilowa jasho na chumvi, ukinzani wake, yaani ule ugumu wa kupitisha umeme, waweza kushuka hadi karibu na omu elfu moja. Gawanya 80 kwa elfu moja, utapata sehemu 80 katika elfu za ampea moja. Jambo hili si dogo. Umeme wa kwenda na kurudi wa sehemu 10 katika elfu huweza kuukaza mkono usiweze kuachia. Sehemu 30 zikipita kifuani hukaza misuli ya pumzi. Zikifika 50 na zaidi, kwa muda wa sekunde moja au mbili, moyo waweza kuacha mapigo yake ya kawaida na kutetemeka bure. Aliyecheka jana alikuwa mkavu.

Na hapa Kibuyuni ni nani aliye mkavu? Karakana zetu ziko hatua chache kutoka majini. Maji ya bamvu yanapojaa, mchanga hulowa mpaka chini ya meza ya kazi. Mabibi wanaolima mwani hupita na mizigo mibichi inayochuruzika maji ya bahari, nao ndio wenye kazi nyingi tunazozifanya: vyuma vya vichanja vya kuanikia, vitoroli, milango ya ghala. Wavuvi huleta nanga na vishikio vya mashine za boti, navyo vimetoka kwenye maji ya chumvi saa ile ile. Wakati wa kaskazi shati hulowa kabla ya saa nne ya asubuhi, na glovu ya ngozi iliyokauka usiku ikiwa na chumvi ndani yake huanza kulowa tena mara tu mkono unapoingia. Mtu anayefanya kazi hiyo hali amepiga magoti juu ya bamba la chuma, asitegemee ngozi yake.

Kwa sababu hiyo vikaundwa visanduku vya kupunguza volti. Katika viwanda vya kuunda meli, chini ya ardhi katika migodi, na juu ya mitambo ya mafuta baharini, ni jambo la kawaida kukitaka kifaa hiki kabla fundi hajaruhusiwa kugusa rodi. Kazi yake ni rahisi kueleweka. Wakati huchomi, kisanduku hushikilia volti chini, katika mashine nyingi karibu 12 au 20 tu. Huku kinapima. Rodi inapogusa chuma safi, ukinzani huanguka karibu na sifuri, nacho hufungua nguvu yote, na moto huwaka. Moto ukikatika, hufunga tena. Kanuni za kimataifa za mashine hizi zinataka kifunge kabla ya sehemu tatu za kumi za sekunde kupita, mara ukinzani unapozidi omu 200. Mwili wa mtu, hata uliolowa, kwa kawaida una ukinzani unaozidi hizo 200. Kwa hiyo kisanduku hutofautisha baina ya chuma na binadamu. Kinapomkuta binadamu, hakifungui.

Sasa tusikilize malalamiko. Fundi asema, "Kikiwapo, rodi haiwaki upesi. Nagonga mara tatu, mara nne. Kazi inachelewa."

Malalamiko haya ni ya kweli. Lakini tazama kinachotokea. Kisanduku kinangoja kugusana kwa chuma na chuma. Nasi pwani hii chuma chetu kimejaa kutu, na juu ya kutu kuna rangi ya zamani, na juu ya rangi kuna chumvi. Kibano cha athi kimebana juu ya hayo yote, tena chenyewe kimelegea springi. Rodi zimekaa wazi katika boksi lililochanika, zimevuta unyevu, ncha yake imefunikwa na dawa. Kisanduku kikipima hapo kinakuta ukinzani mkubwa, nacho kwa haki kabisa hukataa kufungua. Kwarua mahali pa kibano kwa tupa au grainda mpaka chuma king'ae. Kwarua na mahali pa kuanzia. Ncha ya rodi isugue kwenye sakafu ya simenti mpaka waya uonekane. Kisha usigonge kama mtu anayebisha hodi, bali kwarua kama unayewasha kiberiti. Katika mashine iliyo nzima, itawaka. Kutu ndiyo iliyokuwa ikikuchelewesha, na kutu hiyo hiyo ingeharibu mshono wako hata kama kisanduku kisingekuwapo.

Fundi hodari ayajua haya yote. Kwa nini basi hayafanyi? Hapa ndipo twafika kwenye nusu ya habari ambayo tajiri haitaji.

Fundi hayafanyi kwa sababu halipwi kuyafanya. Analipwa kwa kipande. Lango moja, bei yake. Kichanja kimoja, bei yake. Dakika anazokwarua kutu ni dakika za bure; dakika anazopima volti asubuhi ni za bure; saa anayongoja mchanga ukauke baada ya mvua ya masika ni ya bure pia. Tajiri hana haja ya kumwamuru fundi azime kisanduku. Ameipanga bei ya kipande hivi kwamba fundi atakizima mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akidhani ni ujanja. Kisha siku mtu anapoanguka, tajiri atasimama mbele ya watu na kusema, "Mimi nilinunua kifaa. Wao ndio waliokizima." Na risiti atakuwa nayo.

Mwenye karakana mmoja wa upande huu, ambaye jina lake hatulitaji, alituambia bila haya kwamba kisanduku ni "cha wale wa mgodini, si cha huku." Twamwuliza: umeme wa mgodini una sumu gani ambayo wa Kibuyuni hauna? Uchimbaji wa Base Titanium ulikoma mwezi wa Desemba 2024, na tangu hapo mikono mingi imekuwa ikitafuta kazi pwani hii. Matajiri walijua hivyo kabla yetu. Ndiyo maana siku hizi ukitaja usalama huambiwa, "Kama hutaki, wako wengine mlangoni." Maneno hayo ndiyo yanayozima visanduku kuliko koleo na bisibisi.

Wazee wetu waliofanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi, kabla hakijafungwa mwaka 1988, wasingeshangaa kuyasikia. Waliyasikia juu ya mikanda isiyo na kinga. Mashine zimebadilika, na sheria nazo zimebadilika. Ile ya Viwanda iliyoanza kutumika mwaka 1951 chini ya serikali ya kikoloni imekwisha, na mahali pake tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Lakini hoja ya mlangoni ni ile ile.

Basi sheria yasemaje? Mwenye mahali pa kazi anatakiwa kuwapa watu wake mitambo iliyo salama, na mafunzo ya kuitumia. Kifungu cha 14 chasema mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, anatakiwa amwarifu msimamizi wake, na mpaka hatari hiyo iondolewe, asilazimishwe kurudi pale. Twaomba kila mwanachama aishike namba hiyo kichwani, kumi na nne. Kadhalika sheria hiyo hiyo yakataza mtu yeyote kuharibu au kuchezea kwa makusudi kifaa kilichowekwa kwa ajili ya usalama. Neno "yeyote" lamgusa tajiri anayeamuru, lamgusa nyapara anayefumba macho, nalo latugusa sisi. Tusilifiche hilo.

Tena iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ni ya mwaka 2007. Yamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya watu wake, na wanagenzi wamo katika hesabu hiyo. Kijana anayeshikilia chuma wakati wewe unachoma si mtu wa bure. Lakini sheria hiyo hiyo yazungumza pia juu ya makosa ya makusudi ya mfanya kazi. Sasa fikiri. Umezima kisanduku ili upate malango mawili kwa siku badala ya moja na nusu. Mkono umeungua, vidole viwili havikunjiki. Unadhani wakili wa bima ataanza kuuliza habari gani? Ataanza na ile tepu nyeusi. Malango uliyoyaongeza yamekwenda kwa tajiri, na tepu imebaki kwako.

Hata hivyo sheria ina tundu, na tundu hilo lapita katikati ya karakana zetu. Kamati ya usalama, ambayo wafanya kazi huwa na wajumbe wao ndani yake, hulazimishwa pale palipo na watu 20 au zaidi. Hesabuni karakana za Kibuyuni. Watatu hapa, wanne pale, mwenye saba huonekana tajiri mkubwa. Mkaguzi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini hana mtu wa kumwuliza ila mwenye mashine. Kwa hiyo kamati yetu lazima iwe Chama chenyewe, na karakana zote za ufuo mmoja zihesabiwe pamoja.

Twaongeza maneno machache juu ya kukitumia kifaa, kwani hatutaki mtu yeyote asome haya akadhani kisanduku ni hirizi.

Taa peke yake si ushahidi. Kuna kisanduku ambacho taa yake ya kijani huwaka na ndani kimekufa. Asubuhi, kabla ya kazi, washa mashine bila kuchoma, weka mita baina ya kibano na holda, usome. Kama kitabu cha kifaa chasema 12, nawe wasoma 70, hiyo mashine haina kisanduku, ina taa tu. Izime, ichomoe plagi, mwarifu msimamizi, andika katika daftari siku na saa. Rudia kupima baada ya mashine kuanguka, kunyeshewa, au kufunguliwa na mtu wa matengenezo.

Tazama kibati cha namba. Kisanduku cha kuongezewa kina kiasi chake cha ampea, na kiasi cha dakika katika kila dakika kumi. Kilichoandikwa ampea 200 kwa sehemu 60 katika mia chataka upumzike dakika nne baada ya kuchoma sita. Kukifunga kwenye mashine ya ampea 300 na kuchoma mfululizo ni kukipika. Kikishapikwa chaweza kufa hali kimefunguka, nguvu yote ikipita, nawe hujui.

Jambo jingine lahusu bahari, na fundi wa bara hatakuambia. Tumesema kisanduku hufungua kikikuta ukinzani ulio chini ya omu 200. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mno kuliko maji ya mvua. Ukiiangusha holda yenye rodi ndani ya kidimbwi cha maji ya chumvi kinachogusa chuma chenye athi, kisanduku chaweza kudhani kimeguswa chuma na kufungua nguvu yote, nawe magoti yako yamo ndani ya kidimbwi hicho hicho. Kwa sababu hiyo holda itundikwe juu ya mti mkavu kila inapowekwa chini, na rodi itolewe. Kazi ya boti lililo katika maji, au juu ya mchanga ambao maji hayajashuka vizuri, ingoje. Nanga haikimbii.

Wala kisanduku hakilindi upande wa volti 240. Kebo ya plagi iliyochubuka na kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli itaua mtu hali kisanduku kinawaka kijani kibichi. Wawili wakichoma chuma kimoja kwa mashine mbili, volti baina ya holda mbili zaweza kujumlika. Mmoja asipokee holda ya mwenzake kwa mkono mwingine. Kifaa kisifunguliwe na yeyote ila fundi wa umeme, tena plagi ikiwa imechomolewa na dakika zilizoandikwa kitabuni zimepita, maana mashine za siku hizi huweka umeme ndani yake hata baada ya kuzimwa. Na mwenzenu akishikwa, msimshike. Zimeni kwanza.

Glovu kavu, mabuti mazima, ubao mkavu wa kupigia magoti: haya yabaki pale pale, pamoja na kisanduku.

Sasa tunayoyadai kwa matajiri wa ufuo huu ni haya, nasi tumeyapima yasiwe makubwa kuliko wanavyoweza. Kila mashine isiyo na kipunguza volti ifungiwe kimoja kinacholingana na ampea zake, kwa gharama ya mwenye mashine. Kila fundi apewe glovu jozi mbili, moja ikikauka wakati nyingine inavaliwa. Muda wa kupima asubuhi na muda wa kukwarua kutu uhesabiwe ndani ya kazi na kulipwa. Na siku za mvua, au za kazi iliyotoka majini, malipo yawe ya siku wala yasiwe ya kipande. Hili la mwisho ndilo watakalolipinga kwa nguvu zote, kwani ndilo linaloondoa ile tepu nyeusi. Wakitupa visanduku na kutunyima malipo ya siku, watakuwa wametupa visanduku vya kuweka chini ya benchi.

Kwa wale wenzetu wanaojichomea wenyewe bila tajiri, twajua mnunuzi ndiye anayewabana kwa bei. Patanisheni bei moja ya kichanja na bei moja ya lango, kutoka Kibuyuni hadi Shimoni, na ndani ya bei hiyo pawe na saa ya kukwarua. Mnunuzi akienda kwa jirani akakuta bei ile ile, atarudi.

Kila mwanachama anayefanya kazi na mashine ya kuchomelea aandike katika karatasi mambo haya: ampea zilizo juu ya kibati, kama kisanduku kipo au hakipo, kama kinafanya kazi, volti alizozisoma kwa mita, na jinsi anavyolipwa, kwa siku ama kwa kipande. Asiye na mita amwone mwakilishi, apangiwe siku ya kupimiwa. Karatasi apewe mwakilishi wa tawi mkononi, zisipitie kwa nyapara. Zisizo na jina la mwandishi pia zitapokewa.